Ripoti Iliyofika Shambani Kwetu

Kangemi, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Kwako mke wangu Mumbua, mama Mueni,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba kifua cha mama kimetulia tangu baridi ipungue. Na Mueni je, lile jino limeng'oka, au bado analitikisa kwa ulimi mchana kutwa? Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, nalala, naenda kazini na kurudi. Mengine nitayaeleza humu polepole, kwa hiyo tafuta mahali uketi kabla hujaendelea.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Najua umekwenda posta pale shuleni ukarudi mikono mitupu, labda zaidi ya mara moja, na ninakuomba msamaha. Sikuwa mgonjwa wala sikuwa safarini. Nilikuwa naogopa kukujibu.

Ulinieleza kwamba naibu wa chifu alikuja na wanaume wawili, wakapigilia vigingi vilivyopakwa chokaa kuanzia pale kwenye mwamba hadi ua wa jirani, wakasema kuanzia mvua hii upande wote wa juu haulimwi tena, ni amri ya Bwana D.C., mkuu wa wilaya. Kwamba atakayeonekana na jembe juu ya vigingi atapelekwa kwa chifu. Ulinieleza mama aliketi kitandani akasema, "Ni wale wale wamerudi," maana alikumbuka wakati wa mkoloni alipochimbishwa mitaro kwa lazima akiwa na mimba yangu. Halafu chini kabisa ukaandika: "Wewe unafanya kazi na hao wakubwa wa udongo. Waulize ni nani aliyesema shamba letu limekwisha."

Mumbua, sikuwa na haja ya kumwuliza mtu.

Unakumbuka wale watu wa utafiti walipokuja kwetu wakitafuta mteremko wa kupimia udongo unaobebwa na mvua. Wenye mashamba wengine walikataa. Mimi ndiye niliyesema njooni kwangu. Wakazungushia mabati vipande viwili kule juu, na chini ya kila kimoja wakaweka pipa la kupokea maji na matope. Kipande cha kwanza ulikipanda wewe kama ulivyozoea, mahindi na kunde, na mabua ya mwaka uliopita ukayalaza kwa mistari kukinga maji. Kipande cha pili mimi niliagizwa nikiweke kitupu. Kila Jumatatu nilikikwangua kwa jembe hata jani moja lisichipuke. Ulinicheka. Ulisema hujapata kuona mwanamume anayelima pasipo mbegu. Nikakuambia ndivyo utafiti ulivyo, lazima kiwepo kipande cha kulinganishia, ili watu waone mimea na mabua yanasaidia kiasi gani. Na kwa kuwa nilikikwangua vizuri, na nilisoma yale mapipa bila kukosa hata siku ya mazishi ya baba, wakaniandikia barua nije Nairobi niwe karani. Kazi hii nilipewa na mteremko ule.

Ripoti ilipotoka ilikuwa kitabu kizito chenye jalada la kijani. Nilikuletea nakala Krismasi ile, ukaiweka juu ya kabati. Sisi ofisini tulidhani kazi imekwisha. Lakini mwanzoni mwa mwaka huu mkubwa wetu, Daktari Wandera, aliniita. Si daktari wa dawa, ni daktari wa udongo, amesoma ng'ambo miaka mingi. Alisema wale wanaogharimia ofisi yetu hawataki tena kuambiwa udongo kiasi gani umeondoka. Sasa wanataka kujua maneno yetu yamefika wapi: nani ameyasoma, nani ameyatamka hadharani, serikali imebadilisha nini kwa sababu yake.

"Mutiso," akaniambia, "ulipima udongo kwa pipa. Sasa utapima maneno."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa karibu na River Road. Kila asubuhi nasoma magazeti yote nikitafuta neno mmomonyoko. Nikilipata nakata kwa mkasi, nabandika kwenye daftari kubwa, naandika siku na ukurasa. Nasikiliza redio ya ofisi wakati wa vipindi vya wakulima. Mchana nazunguka mjini kuwauliza tuliowapelekea ripoti kama wameisoma.

Ni kazi ya kuvunja moyo. Katika idara moja niliikuta ripoti yetu imeegemezwa kwenye dirisha ili lisijifunge. Kwingine karani aliniambia anaikumbuka vizuri, ina jalada jekundu. Na kuna siku nilikwenda kununua nyama hapa Kangemi sokoni, mwenye bucha akanifungia kwa kile kijitabu chetu cha Kiswahili, muhtasari wa ripoti wenye picha ya mitaro. Nikamwuliza amekitoa wapi.

"Kuna mtu alileta bando nzima," akasema. "Hii karatasi ni mzuri sana. Damu ikiingia haipasuki."

Nilikula ile nyama bila hamu. Kwenye daftari sikujua niandike nini. Rodah, mama anayepiga chapa ofisini kwetu, alisema niandike kwamba kimefika kwa wananchi. Rodah ni mtu wa Kakamega, chumba chake kiko ng'ambo ya kijia kutoka changu, na jioni huwa tunarudi pamoja kwa miguu yeye na mimi na wenzetu wengine wa huku. Nakutajia mapema ili usije ukasikia kwa mtu.

Miezi ikapita daftari likiwa karibu tupu, na Daktari Wandera akaanza kukonda. Wageni wa wale wanaotugharimia walikuwa wameandika kwamba watakuja kukagua. Tusipokuwa na la kuwaonyesha, ofisi itafungwa, na mimi nitakwenda kusimama langoni kwenye viwanda nikingoja kuitwa kibarua.

Halafu siku moja nikaona habari gazetini, nusu ukurasa. Ilisema utafiti umeonyesha kwamba miteremko ya Ukambani inapoteza udongo kwa kiasi cha kutisha, na hesabu yenyewe ikawekwa kwa herufi nene. Niliruka kwenye kiti. Baada ya siku chache redio ikaisoma ile hesabu. Mwezi uliofuata tukaletewa nakala ya waraka wa D.C. kwa machifu wake wote. Alisema kwa kuwa wataalamu wamethibitisha hasara hiyo, miteremko mikali iliyoorodheshwa isilimwe tena, na akataja jina la ofisi yetu kabisa.

Daktari Wandera aliagiza chai na mandazi kwa ofisi nzima. Alinishika bega. "Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta," akasema. "Gazeti, redio, serikali. Imefika." Nami niliiandika daftarini kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikapiga mstari chini yake kwa wino mwekundu. Ile orodha ya miteremko iliyokuwa nyuma ya waraka sikuisoma. Nilikuwa nakula andazi.

Barua yako ilifika wiki hiyo hiyo. Niliisomea ngazini. Nikarudi juu, nikafungua waraka, nikasoma orodha. Tulikuwa wa nne.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo jibu la swali lako lilipo. Nilichukua ile ripoti ya kijani nikautafuta ukurasa wenyewe. Hesabu ziko mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ni ya kile kipande kitupu, nilichokuwa nakikwangua mimi. Hiyo ndiyo ya kutisha. Ya chini yake ni ya kipande chako, chenye mahindi na kunde na mabua, nayo ni ndogo sana, hata haifanani na ile. Mwandishi wa gazeti alichukua ile ya juu akaiacha ya chini. Redio ikachukua kwa gazeti. D.C. akachukua kwa redio. Kila mtu alipokea kwa mwenzake, hakuna aliyefungua kitabu, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni na mkasi nikibandika kila hatua kwa furaha. Aliyesema shamba letu limekwisha ni mimi, kwa jembe langu, kwenye kipande ambacho hakuna mkulima hata mmoja wa kwetu angekiacha hivyo.

Nilichukua ripoti nikaingia kwa Daktari Wandera. Nikamwekea ukurasa mezani.

"Daktari, hesabu aliyoitumia D.C. ni ya kile kipande kitupu."

Akavua miwani. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu gazeti."

Nikamwuliza kwa nini gazeti halikuambiwa.

"Mwandishi nilimpa zote mbili," akasema. "Hii ndogo hakuitaka. Nani atanunua gazeti asome habari ya udongo ambao haukuondoka?" Akaupapasa ule ukurasa. "Mutiso, miaka yote hii nimeandika hakuna anayesikia. Leo mwenye mamlaka amesikia mara ya kwanza. Nimwandikie kwamba amesikia vibaya? Na wageni wako njiani? Halafu usinidhanie mimi mtu mbaya. Udongo unaondoka kweli. Wewe mwenyewe umeuona mto Athi mvua ikinyesha."

"Nimeuona," nikasema. "Lakini yale mabati yalikuwa shambani kwangu. Ni mke wangu aliyewekewa vigingi."

Alikuwa amesahau. Niliona usoni kwake jinsi alivyokumbuka. Akaenda dirishani, na aliposema alisema kwa sauti ya chini bila kunitazama.

"Basi utawapeleka wageni wewe. Watataka kuonyeshwa mahali. Mwenye shamba mwenyewe, na ni mfanyakazi wetu. Hakuna kitakachowapendeza zaidi."

Siku hiyo nilitembea na Rodah hadi Muthangari. Njia yetu inapita kati ya zile nyumba za wakubwa, na mteremko wa pale ni mkali kuliko wetu, lakini nyasi zimeshonana kama zulia na mtu anazimwagilia kwa mpira wakati wa kiangazi. Hakuna kigingi. Rodah aliniuliza nina nini, nikamweleza yote.

Akasema, "Wewe si una shamba? Andika kama mwenye shamba. Hiyo maneno ya ofisi uache ofisini."

Siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, nikaandika barua kwa D.C. kwa jina la baba, ambalo ndilo liko kwenye hati ya shamba. Nilieleza habari ya vipande viwili na ya mabua, nikamwomba atume mtu aje aone. Rodah akaipiga chapa, nikaipeleka posta mwenyewe. Nilitembea kurudi nikiwa mwepesi. Nilitaka kukuandikia jioni ile ile, nikasema hapana, acha kwanza ajibu, nimpe Mumbua habari njema yote kwa pamoja.

Jibu likaja baada ya wiki mbili, lakini halikuja kwangu. D.C. aliiambatanisha barua yangu na barua yake fupi, akaielekeza kwa ofisi ya utafiti: mwananchi huyu analalamika, tafadhali shaurini. Na barua zote zinazohusu ripoti hufunguliwa na mimi. Nilikaa na bahasha mkononi nikisoma maneno yangu mwenyewe, yamegongwa muhuri wa D.C. juu na wa kwetu chini. Kwa taratibu yetu kila barua inayotoka kwa mwananchi lazima iingie daftarini, kwa sababu ni ushahidi kwamba watu wameisikia ripoti. Nikaiingiza. Niliandika: mkulima mmoja, Ukambani. Ndiyo barua ya kwanza ya mwananchi tuliyopata tangu kitabu kitoke.

Daktari Wandera aliisoma na akajua mara moja.

"Huyu ni wewe."

"Ni mimi."

Nilingoja hasira. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alisema, "Basi andika jibu. Nani anaijua habari hii kukuzidi?"

Nikaketi nikajijibu mwenyewe. Niliandika kwa niaba ya ofisi kwamba hesabu iliyotajwa ni ya udongo ulioachwa wazi kwa makusudi, kwamba shamba lililopandwa na kulazwa mabua lina hasara ndogo, na kwamba wataalamu wanapendekeza upande wa juu uruhusiwe kulimwa. Rodah akapiga chapa. Nikaiweka mezani kwa Daktari, ikabaki sahihi yake tu.

Akaisoma mara mbili. "Yote ni kweli," akasema. Kisha akafungua mtoto wa meza, akaitia ndani, akafunga.

"Nitatia sahihi wageni wakishaondoka. Siku hiyo hiyo."

"Mvua itakuwa imeanza."

"Mvua mimi sina uwezo nayo."

"Na nikikataa kuwapeleka?"

Aliniangalia kwa huruma, Mumbua, na hiyo huruma ndiyo iliyonimaliza. "Sitakufukuza," akasema. "Lakini wataondoka bila kuona kitu, na ofisi itafungwa. Barua ya ofisi iliyofungwa ataisoma nani?"

Nimeipindua hiyo kauli kila upande na sijapata pa kutokea. Nikisema ukweli mbele ya wageni, hakuna sahihi, na vigingi vinabaki. Nikisema uongo, sahihi naipata, lakini ule uongo nao unaingia daftarini, wanakwenda nao ng'ambo, na mwaka ujao mama mwingine kilima kingine anapigiliwa vigingi vyake. Nikiacha kazi, nakuja nyumbani kuketi nawe chini ya vigingi. Nilimwambia nitawapeleka. Ndiyo, nilikubali. Nakuandikia ili usikie kwangu.

Watakuja Alhamisi ya wiki ijayo, magari mawili. Nitakuwa katika lile la mbele. Nimepewa la kusema, nalo ni fupi: kwamba tulikuwa hatujui, kwamba utafiti umetufungua macho, kwamba familia yangu imekubali kuupumzisha upande wa juu kwa hiari. Daktari anaomba wewe na mama muwepo, mmevaa vizuri, na muwape wageni mkono.

Habari ya kupanda sijui nikuambie nini. Nikisema panda, utapelekwa kwa chifu na mimi niko huku. Nikisema usipande na sahihi ikachelewa, mtakula nini. Upande wa chini peke yake hauwezi kuwatosha, hata ukijaza mbaazi hadi mlangoni. Ndani ya bahasha nimetia nakala ya ule ukurasa wenye hesabu mbili, Rodah amenipigia chapa. Mpelekee mwalimu mkuu akufasirie Kiingereza chake, kisha uukunje uuweke pamoja na cheti cha ubatizo cha Mueni, pasipoingia mvua. Ni haki yako kuwa nao, hata kama leo haukusaidii.

Mama msomee barua yote. Usimruke hata mahali palipo pabaya. Na lolote atakalosema uniandikie kama alivyolisema, usilipunguze.

Nisalimie shemeji yangu fundi wa viatu pale sokoni, mwambie vile vilivyotengenezwa naye ndivyo ninavyotembelea mji huu. Nisalimie shangazi Kavindu aliyetufundisha kuyalaza mabua, na umwambie kipande chenye mabua yake kilishinda, hata kama hakuna gazeti lililosema. Nisalimie pasta na kwaya ya akina mama, na dada yangu Nduku akija kutoka kwa mumewe. Mueni mpe busu la paji la uso, umwambie baba anakuja Alhamisi lakini atakuja na watu na hataweza kukaa.

Jambo la mwisho. Sikuombi uwatabasamie wageni, wala sikuombi uvae ile kanga mpya. Ila nitakaposimama pale kwenye vigingi nianze kusema yale niliyopewa, tafadhali usinitazame usoni. Tazama mahali pengine, tazama hata magari. Nakujua ukinitazama sitaweza kumaliza. Na kama wewe na mama mtaona ni heri nisimalize, basi nitazame. Nimewaachia ninyi, kwa sababu mimi nimeshindwa kuamua.

Mumeo anayekukumbuka,
Mutiso, baba Mueni